Paja la Mkwe

Nashon alipoanguka kutoka kwenye stendi ya tenki, hakulia kwanza. Jambo la kwanza alilofanya ni kuvuta shati lake lifunike paja, maana suruali ilikuwa imechanika juu ya goti na mama mkwe wake alikuwa amesimama karibu tu, kwenye kamba, akianika shuka. Kilio kilikuja baadaye, alipojaribu kuketi akaona mguu wake wa kulia umepinda mahali ambapo Mungu hakuweka kiungo.

Mama mkwe huyo, Rachael, naye hakukimbia kumwendea. Aligeuka akaangalia ukuta.

Tusimcheke. Kwao Siaya, na kwa kina Nashon vilevile, mama na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hawashikani mikono, hawaitani majina, hawalali chini ya paa moja. Rachael alikuwa ameletwa Nairobi kutibiwa macho, na kwa kuwa Nashon na Milcah walikuwa na chumba kimoja tu, cha nyuma ya nyumba ya watu pale Jamhuri, mwenye nyumba alikuwa amempa mgeni chumba cha kupigia pasi alale humo. Jioni Nashon akirudi kutoka Adams Arcade, ambako mafundi wa mabomba hukaa nje ya duka la vifaa wakingoja kuitwa, alikuwa akikohoa getini kwa nguvu ili mama apate nafasi ya kuondoka njiani. Milcah, aliyefanya kazi ya nyumba kule Kileleshwa, aliwacheka wote wawili. Alisema amechoka kuishi na watu wazima wanaochezeana mchezo wa kujificha.

Siku hiyo Nashon hakwenda Adams. Tenki ya mwenye nyumba ilikuwa inafurika, akapanda kubadilisha boya la kuzuia maji, na chuma cha kukanyagia kikakatika kwa kutu. Hivyo tu. Hata kelele ya maana hakupiga.

"Mama," alisema sasa, uso umembadilika rangi. "Ingia ndani. Usinione hivi."

"Ninaingia," Rachael aliuambia ukuta. "Umeumia?"

"Kidogo. Wewe ingia tu."

Kisha, kwa kuona kwamba mama hajaingia bado, Nashon alifanya kosa kubwa. Alijisukuma kwa viwiko arudi nyuma, ajifiche kwenye kivuli cha tenki. Mguu haukumfuata ulivyopaswa. Rachael alisikia sauti, si kubwa, halafu akasikia Nashon akilia kwa namna ambayo hakuwahi kusikia mwanamume mzima akilia. Akageuka.

Mfupa ulikuwa umetokeza kwenye ule mpasuko wa suruali, mweupe. Damu nayo haikuwa ya kuchuruzika. Ilikuwa inakuja kwa wingi, inaingia kwenye saruji.

"Mama Charmi!" Rachael alipiga ukelele. "Mama Charmi, kuja!"

*

Mwenye nyumba, Kanchan, mjane wa marehemu Pranlal, watu wote walimwita Mama Charmi kwa jina la binti yake. Alitoka na simu mkononi na miwani kichwani, akaona, akasema maneno mawili ya Kigujarati, kisha akapiga simu ya ambulensi. Vidole vyake vilikuwa vimepindwa na baridi yabisi kwa muda mrefu, na ilimlazimu kubonyeza namba kwa kifundo. Aliweka simu kwenye sauti kubwa, akaiinua juu kana kwamba anataka hata tenki isikie.

Upande wa pili alikuwa msichana mwenye sauti tulivu. Alisema gari limeondoka ila magari yameshikana Ngong Road. Akauliza kama mgonjwa anapumua, kama anaongea, kama mfupa umeonekana. Kanchan alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo.

"Nani ako karibu na yeye?"

Kanchan akamtazama Rachael, ambaye alikuwa amesimama na shuka mbichi kifuani.

"Mama mkwe yake," alisema.

"Sawa. Mama, nisikie vizuri. Hiyo damu haiwezi kungojea gari. Usirudishe mfupa ndani, na usinyooshe mguu, uwache vile iko. Kwanza kata suruali tuone jeraha yote. Halafu chukua nguo safi, ufinye kandokando ya mfupa, si juu yake. Finya kabisa."

"Siwezi," Rachael akasema.

"Hauna makasi?"

"Makasi iko. Mimi ndio siwezi. Huyu ameoa mtoto wangu."

Huenda msichana alikuwa mtu wa upande wao, huenda hakuwa. "Mama," akasema, "huyu kijana anaweza poteza mguu, na anaweza poteza maisha. Mambo ya heshima tutaongea kesho."

"Mimi nitakata," Kanchan alisema. Aliweka simu chini, akaleta makasi ya jikoni, akapiga magoti kwa shida. Alishindwa kuyafunga. Alijaribu kwa mkono wa kulia, akajaribu kwa mikono yote miwili, makasi yakamwanguka. "Vidole yangu imekufa," alisema, na machozi yakamtoka, ya hasira zaidi kuliko huruma.

Rachael aliogopa, na aliogopa vitu viwili. Aliogopa kwamba Nashon atakufa pale mbele yake. Aliogopa pia kwamba atapona. Kwa sababu akipona, akiwa ameshikwa paja na mama yake mkwe mchana kweupe, atamwangalia Milcah kwa jicho gani? Mwanamume akishaona aibu ya namna hiyo hakanyagi tena kwa wakwe zake, na asiyekanyaga kwa wakwe huanza kuona hata nyumba yake mwenyewe haikaliki. Ndugu zake wangesema mama ya Milcah alimvua kijana wao nguo. Wangesema huku wakicheka, na kicheko hicho kingemfuata Milcah kila matanga na kila harusi. Rachael alizijua ndoa zilizovunjika kwa mambo madogo kuliko hayo.

Aliokota makasi.

"Nashon," alisema. Hakuwahi kulitamka jina hilo mbele ya mwenyewe. "Funga macho yako."

"Mama, tafadhali. Ngojea watu wakuje."

"Funga."

Nashon alijifunika uso kwa mkono. Rachael akakata suruali kutoka gotini kwenda juu, hadi msichana wa simu alipomwambia inatosha. Alikunja shuka ile aliyokuwa akiianika, iliyofuliwa asubuhi, shuka nyeupe ya Mama Charmi ya kutandikia wageni, akaizungusha kando ya mfupa na kufinya kwa viganja vyote viwili. Nashon alipiga yowe. Rachael aliendelea kufinya. Alihisi joto la damu likipanda kwenye kitambaa, likapanda, kisha likakoma kupanda.

"Imesimama?" simu iliuliza.

"Iko chini ya mkono wangu. Imesimama."

"Vizuri sana. Mwingine aguse vidole vya mguu. Viko na joto?"

Hilo Kanchan aliliweza. Alisema vina joto kidogo, na mgonjwa anavichezesha. Akaambiwa alete blanketi, azikunje, aziweke huku na huku mguu usiyumbe, na nyingine amfunike nayo kifua. Alienda akarudi, akaenda akarudi, sari yake ikiburuta damu.

Nashon akaomba maji. Aliomba mara ya pili kwa sauti ya mtoto. Rachael mwenyewe alikuwa anafikiria chai ya sukari nyingi, kama vile angempa mtu yeyote aliyepata mshtuko nyumbani. Msichana akakataa kabisa. Mgonjwa anaenda kufanyiwa upasuaji, asipewe hata tone.

"Pole," Rachael alimwambia mkwe wake. "Wamekataa." Kumnyima mkwe maji, hilo nalo lilimwangukia yeye siku hiyo.

*

Njuguna, askari wa nyumba ya jirani, alikuwa amesikia yowe akafanya kile ambacho watu wengi wa Nairobi wangefanya. Alikimbia barabarani akaleta pikipiki.

"Tumweke hapa katikati," alisema, akiingia getini na mwenye pikipiki nyuma yake. "Mimi nimshike kwa nyuma, saa hii hii tuko kwa kliniki hapo Adams." Na bila kungoja jibu aliinama, akapitisha mikono chini ya kwapa za Nashon.

"Mwache!" Rachael alisema.

"Mama, huyu ataisha damu mkimwangalia."

"Nimesema mwache! Tumeambiwa mguu usiyumbe."

Njuguna akaachia, akakasirika kidogo, kama mtu aliyeleta msaada ukakataliwa. Alimwangalia yule mama aliyepiga magoti katikati ya mapaja ya kijana. "Sawa. Basi wewe toka hapo, nifinye mimi. Hii ni kazi ya wanaume."

Hapo ndipo Rachael alipofunguliwa mlango wa kutokea. Wanaume walikuwa wamefika. Angeinuka, anawe mikono, akae jikoni, na baadaye mtu akiuliza, angesema alisaidia kidogo tu kabla wenyewe hawajaja. Hakuna ambaye angemlaumu. Nashon mwenyewe alitoa mkono usoni, akamtazama Njuguna kwa macho ya kuomba.

"Kuna mwanaume amefika," Rachael aliiambia simu. "Nimwachie yeye?"

"Wewe umechoka?"

"Sijachoka."

"Basi usiachilie. Mkibadilishana damu itaanza upya, na ile amepoteza inatosha. Kaa hapo hapo, mama."

Rachael akakaa hapo hapo. Alimtuma Njuguna getini akaonyeshe ambulensi njia. Magoti yalimuuma, jasho likamwingia kwenye macho yale aliyoletwa kutibiwa, na hakuwa na mkono wa kujipangusa. Uchungu ulipomzidi Nashon, alitafuta kitu cha kushika, akashika kifundo cha mkono wa mama mkwe wake. Walikaa hivyo, Kanchan akimpepea kijana kwa gazeti, hadi king'ora kikasikika.

*

Omollo, kaka mkubwa wa Nashon, alifika hospitalini akitoka ofisini mjini, tai ikiwa bado shingoni. Ndiye aliyesimama badala ya baba yao, na alipenda kusimama. Milcah alikuwa ametangulia, na aproni ya kazini hakukumbuka kuivua. Rachael na Kanchan walikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji.

Daktari, kijana mwenye haraka, alisema watamwekea chuma na kwamba mguu utabaki. Aliongeza kwamba damu ilizuiwa vizuri sana na mguu haukuvurugwa. "Kama mngempandisha kwa pikipiki, tungekuwa na maneno mengine hapa," alisema, akaenda zake.

Milcah akaketi chini, sakafuni, akalia. Omollo akasema Mungu ni mwema. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Sasa nani alimkata nguo?"

Milcah aliinua kichwa akaangalia mikono ya mama yake. Ilikuwa imenawishwa, lakini kwenye kucha na kwenye mikunjo ya vidole damu ilikuwa bado.

"Ni Mama Charmi," Rachael akasema haraka. "Yeye ndiye alifanya kila kitu. Mimi nilikuwa nje kwa geti."

Omollo hakuwa mjinga. Aliiona mikono ile vizuri kama Milcah alivyoiona. Lakini alikuwa ameambiwa kile alichotaka kuambiwa, akapumua. "Asante, Mama Charmi," alisema, na akainama kwa mjane yule kama anayeinamia madhabahu. "Familia yetu haitakusahau."

Kanchan alifungua mdomo. Rachael akamkanyaga mguu.

Jioni, nyumbani, Kanchan alitaka kujua kwa nini amepewa sifa ya bure. Rachael alimweleza kwa Kiswahili chake cha taratibu, na Kanchan alisikiliza bila kucheka. "Mimi niliolewa miaka mingi," alisema. "Baba ya mume yangu alikufa bila kuona uso yangu. Nilikuwa navuta sari mpaka hapa, napika hivyo, natembea hivyo. Nimeelewa. Nitanyamaza."

Na hadithi ikashika njia. Omollo aliisimulia kwa ndugu, ndugu wakaisimulia kanisani, na kila ilipofika ilikuwa imenenepa. Mhindi mzee alipiga magoti. Mhindi mzee alichana sari yake ya hariri. Njuguna, aliyeombwa na Omollo asiseme sana, alisema sana, ila Rachael hakumtaja, na katika masimulizi yake ni yeye aliyekataza watu wasimpandishe mgonjwa kwenye pikipiki. Omollo alileta jogoo mkubwa wa kienyeji, amefungwa miguu, akampa Kanchan kwa mikono miwili. Kanchan hakuwahi kula nyama maishani mwake, wala yai. Alimshukuru, akamfungua jogoo, na tangu siku hiyo ndege yule akawa anatembea uani akiwika saa zote na kuchafua nguo zilizoanikwa, ambazo ni Rachael aliyezifua upya.

Rachael hakuwahi kuingia wodini. Hilo lilikuwa sawa, Nashon alikuwa amelala mguu juu na shuka fupi, isingefaa. Alipika uji akampa Milcah aupeleke. Alidhani hilo lingemtosha. Lakini iliuma, na iliuma kuliko alivyotarajia. Usingizini alisikia ile sauti ya mfupa. Aliamka viganja vimebana godoro. Hakuna aliyemuuliza kama analala, kwa sababu mtu aliyekuwa getini hana sababu ya kukosa usingizi. Hata Milcah, aliyejua, hakuuliza. Mara moja tu, wakichambua mboga, Milcah alimshika mkono akaubusu, kisha akaendelea na mboga bila kusema kitu. Rachael alitaka aseme kitu.

"Yeye anasema nini?" aliuliza.

"Hasemi, mama. Nikitaja siku hiyo anageukia ukuta."

Basi nimempoteza, Rachael aliwaza. Mguu umebaki, mkwe ameenda.

*

Nashon alirudi nyumbani kwa magongo, na kanisa likaja kushukuru. Viti vya kukodi vilipangwa uani. Kanchan aliketishwa mbele, karibu na mchungaji, na leso mpya ikatandazwa mabegani mwake. Rachael alikaa mlangoni mwa jikoni kando ya sufuria, mgongo umeelekea watu nusu, kama inavyostahili mkwe akiwepo. Alikuwa ameshafunga mzigo wake. Kesho yake angesafiri.

Nashon alishukuru kwa maneno machache, macho yake chini. Alimshukuru Mungu, daktari, mke wake, ndugu zake. "Na Mama Charmi," alisema, kisha akakwama, akakaa.

Omollo hakukubali shukrani ziwe fupi hivyo. Alisimama, akaisimulia habari yote tangu boya la tenki. Alipofika mwisho alimwomba mchungaji aiombee mikono ya Mama Charmi. Watu wakainuka. Mchungaji aliishika mikono ile, akaiinua juu kila mtu aione, vidole vimejikunja kama mizizi ya tangawizi.

"Hapana," Kanchan akasema.

Watu walidhani anaona haya. Wengine wakacheka kwa wema.

"Hapana, usiombee. Ngoja." Alivuta mikono yake. "Mimi nasali kila asubuhi. Siwezi kuchukua baraka ya mtu mwingine, Mungu ataniuliza. Angalieni hii vidole. Hata makasi haifungi. Siku hiyo mimi nilishika simu tu."

Omollo alikohoa, akarekebisha tai. Nyuso zilianza kugeuka, moja baada ya nyingine, kuelekea jikoni, na Milcah akajifunika mdomo.

Rachael aliinuka akicheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kizuri, hata yeye alikishangaa. "Msimsikilize," alisema. "Huyu mama hapendi kusifiwa, ndivyo alivyo. Ni yeye. Mimi nilikuwa kwa geti nikingojea ambulensi. Muulizeni Njuguna."

Watu wakapiga makofi. Walipiga kwa furaha ya kupata nafuu, na Omollo alipiga kuwashinda wote. Mchungaji akaishika tena ile mikono ya Kanchan, ambaye sasa alikuwa analia.

Nashon akatafuta magongo yake. Milcah alimvuta shati akae, hakusikia. Alijiinua, akasimama kwa mguu mmoja, kisha akageuka kuelekea jikoni, upande ambao mwanamume wa kwao hageuki, akamtazama mama mkwe wake usoni.

"Mama anadanganya," alisema.

Makofi yakakatika. Kumwita mama mkwe mwongo, mbele ya kanisa na mbele ya kaka yako! Mzee mmoja alisema "Nashon!" kama anayekemea mtoto.

"Anadanganya. Ni yeye alinikata suruali. Njuguna alikuja, mimi nikataka mama aende, akakataa kuenda. Alishika hii mguu yangu na mikono yake mpaka gari ikafika. Nimenyamaza wiki zote hizi kwa sababu ya aibu. Lakini hiyo aibu nitaweka wapi, na mimi ndio niko hai?" Aliyaegemea magongo kwa nguvu. "Mama, nisamehe. Lakini wewe unadanganya."

Gongo moja likateleza kwenye saruji. Milcah alinyoosha mkono akalikosa, Omollo akabaki ameduwaa. Rachael ndiye aliyevuka ule ua, katikati ya viti, akiwasukuma wazee wa kanisa, akamfikia mkwe wake akamdaka kwa mikono miwili chini ya kwapa.

"Keti," alimwambia, na hakupunguza sauti. "Keti chini. Huo mguu haujashika bado."

Nashon akaketi.